Msimu wa Mafuvu ya Maboga

Ijumaa, 20 Septemba

Samir amenikuta juu ya ngazi nikimalizia ukuta wa kinyozi karibu na stendi. Yeye ndiye mnunuzi wa bidhaa za loji moja upande wa mbugani, na mara mbili amenipa kazi ya kuandika vibao vya jikoni kwao. Leo alikuwa na jambo geni.

"Dada Everlyne, wajua kuchora fuvu?"

"Fuvu la nini?"

"La mtu."

Nikashuka. Akanieleza kwamba mwisho wa Oktoba kuna wageni watakaosherehekea Halowini, ile sikukuu ya kizungu ya kutishana, na wanataka meza zipambwe kwa maboga yaliyochongwa na kupakwa rangi kama mafuvu. Maboga arobaini. Mapambo yote yanasimamiwa na msichana wa Nairobi anayeitwa Mwende, lakini Mwende hachori, anapanga tu.

Nilikubali kabla hajamaliza. Siku hizi mabango yanachapishwa kwa mashine, na sisi wenye brashi tumebakiwa na vinyozi na hoteli za chai.

"Na maboga utayatoa wapi?"

Nikasema kwa mama mkwe wangu, kijijini Ronge. Sijui ulimi wangu ulipata wapi uhakika huo. Mimi na mama mkwe hatujaongea vizuri tangu Pasaka.

Jumamosi, 21 Septemba

Joto. Vumbi jekundu limeingia hadi kwenye sufuria zilizofunikwa.

Jumanne, 24 Septemba

Nimenunua boga moja sokoni la kujaribia. Binti yangu Shanice alinishikia simu yenye picha za mafuvu huku mimi nikichora kwa penseli. La kwanza lilitoka nyani. La pili Shanice alisema linafanana na mwalimu wake wa hesabu, na akakataa kunitajia jina.

Baadaye nimegundua kosa langu. Nilikuwa nachora uso, kisha nautoa nyama. Fuvu halina uso. Pua ni kopa iliyopinduliwa juu chini, macho ni makubwa kuliko unavyodhani, na mashavu yanabonyea pale ambapo mtu hai hucheka. Maboga yetu si ya rangi ya machungwa kama yale ya picha. Ni ya kijani na kijivu, magumu kama jiwe. Yale ya kijivu yanafaa zaidi. Ukiyapaka rangi nyeupe ya maji yanakuwa mfupa mara moja.

Jumamosi, 28 Septemba

Nimekwenda Ronge. Naandika yote kwa sababu siku ilikuwa ndefu.

Mama mkwe, Mama Tryphena, alikuwa anapepeta kunde uani. Tangu tumzike Reuben, mume wangu, mwaka juzi, alitaka mimi na Shanice tuhamie kwake. Pasaka nikakataa kabisa, nikabaki na chumba changu cha kupanga Voi na kazi yangu. Hakunigombeza. Alianza tu kunisalimu kupitia kwa mtoto: "Mwambie mama yako kuna ndizi."

Leo sikuwa na mtoto. Ikabidi aniangalie.

"Mama, nimekuja kununua maboga."

"Yapo. Yanaoza. Wanunuzi wote wamekwenda Taveta kwa sababu huko kuna maji. Unataka ya kupika mangapi?"

"Arobaini. Si ya kupika. Ni ya kupamba."

"Kupamba nini?"

"Nitayachonga na kuyachora mafuvu."

Akaweka ungo chini. Akatazama juu ya shamba. Mtu wa Ronge haambiwi kuna nini pale, lakini Shanice atakaposoma haya siku moja, na ajue. Juu ya shamba la kina Reuben kuna mwamba mkubwa, na chini ya mwamba kuna pango. Kabla kanisa halijaja, mzee akifa alizikwa, na baada ya muda kichwa chake kilitolewa kaburini kikapelekwa pangoni kukaa na watu wake. Desturi iliisha zamani. Wenyewe wako palepale, wamepangwa kwenye jiwe.

"Huko juu yako ya kutosha," akasema Mama. "Huoni kama unawachezea?"

"Ni maboga, Mama. Na ni kazi."

Akafikiri. Mdogo wake Reuben, Lewis, ambaye anakaa na mama yao na anaendesha bodaboda, alikuwa anaosha pikipiki karibu na tangi. Akadakia, "Mama, si yanaoza? Acha shemeji ayachukue."

Mama akainuka. "Chukua. Lakini ukayachoree kwako. Hapa yatoke yakiwa maboga."

Jumamosi, 5 Oktoba

Pikapu ya loji imebeba maboga. Mwende alikuja nayo ili achague mwenyewe. Ni msichana mchangamfu, viatu vyeupe, anashangaa kila kitu. Lewis alipomwambia kuhusu pango, alibaki ameshika boga hewani.

"Maze! Ni za ukweli? Naweza kuziona?"

"Hapana," Mama akasema, na ndilo neno pekee alilomwambia kutwa nzima.

Nilimwona Lewis akicheka. Akampa Mwende namba yake ya simu, nami nikadhani ni mambo ya vijana.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimepaka manane rangi ya kwanza. Chumba kinanuka kama shule mpya.

Jumatano, 9 Oktoba

Wingu limekuja upande wa Sagalla, likazunguka, likaondoka. Nimepaka sita.

Jumapili, 13 Oktoba

Mama amenipigia simu mwenyewe. Nilipoona jina lake nilidhani kuna msiba.

Leo zamu ya kusoma somo kanisani ilikuwa yake. Mzee Morris, mzee wa kanisa na binamu ya marehemu baba mkwe, alisimama akampa mtu mwingine Biblia. Kisha akatangaza mbele ya watu kwamba kuna nyumba Ronge inayouza maboga ya shetani kwa wazungu, na mpaka jambo hilo lichunguzwe, wahusika wakae viti vya nyuma.

"Ukakaa nyuma?" nikauliza.

"Ningekaa wapi? Juu ya paa?"

Nikasema nitarudisha kazi. Nilisema kwa nusu moyo na yeye akasikia hiyo nusu.

"Umeshapaka mangapi?"

"Zaidi ya nusu."

"Basi maliza. Kiti cha nyuma kina upepo mzuri."

Nimemchukia Mzee Morris leo. Ni mtu anayependa sauti yake. Kwenye mazishi ya Reuben alihubiri mpaka maua yakanyauka.

Jumatano, 16 Oktoba

Hakuna mvua. Mwende ametuma picha za mafuvu yenye maua puani na machoni, na buibui kwenye paji. Anataka nusu yawe hivyo. Nimechora maua. Maua ni rahisi.

Jumapili, 20 Oktoba

Mama amekaa nyuma tena. Shanice alikuwa Ronge kwa wikendi, anasema alikaa naye, na kina mama wengine wawili wakahamia huko pia.

Jumapili, 27 Oktoba

Nimeanza kuchonga. Yaliyopakwa rangi hudumu, yaliyochongwa huoza, kwa hiyo nimeyaacha mpaka wiki hii. Unakata kifuniko kwa msumeno mdogo kuzunguka kikonyo, unakwangua nyama na mbegu kwa kijiko, kisha unatoboa macho kutoka nje. Meno usiyakate yote yapenye. Kwangua ngozi tu, mwanga utapita wenyewe. Vidole vyangu vimevimba. Nyama tumeila kwa sukari na tui, mbegu zinakauka juu ya bati.

Jumanne, 29 Oktoba

Mvua! Usiku kucha, na leo mchana tena. Watu wa Voi wanatembea ndani ya matope wakitabasamu. Mimi sina furaha kamili, unyevu umeleta ukungu mweupe kwenye maboga matatu niliyochonga. Nimeyafuta kwa siki na kuyapaka mafuta ya mgando kwenye makovu. Kesho nachonga mengine badala yake.

Alhamisi, 31 Oktoba

Naandika asubuhi ya Ijumaa, kwa kuwa jana sikuweza.

Tulifika loji saa nne, pikapu ikiteleza njia nzima. Meza zilikuwa zimepangwa barazani, vitambaa vyeusi, mishumaa. Nikaanza kushusha maboga yangu na kuyapanga kama Mwende alivyochora kwenye karatasi. Kusema kweli yalipendeza. Mpishi mmoja alipita na trei akaruka, kisha akacheka na kuniambia mkono wangu umelaaniwa kwa uzuri.

Meza ya katikati ilikuwa imeshapangwa na Mwende mwenyewe. Maboga yangu manne yenye maua yalizunguka sahani ya mbao, na juu ya sahani kulikuwa na fuvu jingine dogo, la rangi ya chai. Nikadhani kuna mchoraji mwingine ameletwa. Nikaona wivu. Nikasogea nione amewezaje kupata rangi ile.

Halikuwa boga. Lilikuwa jepesi. Juu ya utosi kulikuwa na mistari myembamba inayopindapinda kama njia ya mchwa, ambayo mimi nimehangaika nayo mwezi mzima nisiiweze. Taya la chini halikuwepo. Meno ya juu yalikuwa machache, na mawili ya mbele yamechongwa ncha, kama walivyochongwa watu wetu wa zamani. Ndani ya tundu la sikio mlikuwa na udongo mkavu.

Nikakaa kwenye kiti cha mgeni.

Mwende akaja na maua mkononi. "Umeona hiyo? Ni kali, sivyo? Lewis ndiye ameniletea. Ni ya plasta, rafiki yake anazitengeneza."

"Mwende, hii si plasta."

"Ni plasta. Aliniambia."

"Iguse meno."

Akaigusa. Akarudisha mkono haraka, akaufuta kwenye suruali, akaufuta tena. Maua yalimponyoka akayakanyaga bila kujua. Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza, nikaona ni mtoto wa watu tu, umri wake kama wa Lewis, amedanganywa.

Nikamwaga brashi kutoka kwenye ndoo yangu, nikatandika leso yangu chini, nikamweka ndani yule aliyekuwa kwenye sahani, nikafunika. Nikatoka kupitia mlango wa jikoni. Sikuwa na mpango wowote. Nilijua tu kwamba wageni wasimkute pale.

Samir alikuwa mlangoni akihesabu kreti za soda. Akaona ninavyotembea.

"Dada Everlyne. Nifungulie hiyo ndoo."

"Samir, niache nipite."

"Siku ya leo vitu vimepotea jikoni, na mimi ndiye ninayeulizwa. Nifungulie, tafadhali."

Nikainua leso. Aliangalia kwa muda mrefu. Nilidhani atapiga kelele au atasema tusiwaharibie wageni sherehe yao. Siku zote nimemwona kama mtu wa hesabu na mizigo. Badala yake akavua kofia yake, akaishika.

"Huyu ni nani?"

"Ni wa kwetu. Ametolewa Ronge."

"Hata akiwa mfupa mtupu, ni maiti, na maiti ana heshima zake. Hawekwi mezani watu wakila." Akatoa kitambaa cheupe kipya kwenye rundo la vitambaa vya meza, akaongeza juu ya leso yangu. "Nenda nyumbani. Barabara ya Ronge haipitiki leo. Kesho asubuhi nitakupeleka mwenyewe."

"Na kazi yangu?"

"Maboga yatapangika. Nitawaambia umeugua."

Nililala na ndoo chini ya dirisha. Shanice aliniuliza ni nini, nikamwambia ukweli. Akahamisha godoro lake likawa karibu nami, hakuuliza tena.

Ijumaa, 1 Novemba

Samir alinifikisha hadi pale gari lilipogoma, nikamaliza kwa miguu. Hakupanda nami. Alisema mambo ya nyumba ni ya wenye nyumba.

Mama alikuwa shambani anapanda mahindi, pikipiki ya Lewis imeegeshwa uani. Nikaweka ndoo barazani, nikafunua. Mama alikuja akaangalia, kisha akatazama pikipiki, wala sikuhitaji kusema jina.

"Lewis!"

Akatoka ndani akitafuna. Alipoona ndoo aliacha kutafuna.

"Shemeji, mimi sikujua kama ingekuwa..." akaanza.

"Ni nani huyu?" Mama akamuuliza.

"Sijui."

"Umemtoa kwake hujui ni nani?"

"Mwende alitaka kitu cha asili. Nilifikiri nikimsaidia, loji watanipa kazi ya udereva. Hakuna mtu anayeenda kule juu, Mama. Hakuna hata anayewajua. Nilifikiri hakuna atakayemkosa."

Mama hakumpiga. Alijifunga leso kiunoni upya, akaniambia, "Nenda kamwite Morris."

Nikadhani sikusikia vizuri. Mtu aliyemweka viti vya nyuma?

"Nenda. Ni yeye pekee aliyebaki aliyepelekwa kule na bibi yake akiwa mdogo."

Nilikwenda nikiwa na maneno tayari mdomoni, yote makali. Mzee Morris alinisikiliza mlangoni kwake mpaka mwisho. Akaingia ndani. Nilitarajia atoke na Biblia na hotuba. Alitoka na fimbo na viatu vya mpira, akatangulia. Njiani nilimsikia akihema. Ana miaka zaidi ya sabini na matope yalikuwa ya kufika kwenye vifundo.

Uani kwa Mama alipiga magoti mbele ya ndoo. Alimwinua kwa mikono miwili, akamgeuza kwenye mwanga, akaona meno mawili yenye ncha. Kisha akaongea kwa Kidawida, lugha ya kwetu, polepole, kama mtu anayemwamkia mkubwa wake asubuhi.

"Unamjua?" nikauliza.

"Ni mama wa bibi yangu. Wanawake waliowekwa kule ni wachache. Bibi alinionyesha meno haya akaniambia, huyu ndiye aliyewatoa watu hapa wakati wa njaa kubwa, akawapeleka mpaka Taveta wakapata chakula, akawarudisha." Akamtazama Lewis. "Na wewe ni damu yake kupitia kwa baba yako. Kama asingetembea, wewe usingekuwa na mdomo wa kutafunia."

Lewis alianza kulia. Alilia vibaya, kama mtoto, na pua ikamtoka.

"Utambeba," Mzee Morris akamwambia.

"Siwezi."

"Ulimshusha. Utampandisha."

Tukapanda. Lewis mbele na ndoo kifuani, Mzee Morris nyuma yake na mkono begani mwake, mimi na Mama nyuma tukishikana kwa sababu ya utelezi. Mara mbili Lewis aliteleza, na mara zote mbili aliangukia magoti yake ili ndoo isiguse chini.

Pangoni ni pakavu. Wamepangwa kwa safu juu ya jiwe, wanatazama nje, na katikati ya safu ya nyuma palikuwa na duara safi kwenye vumbi. Hakuna kitu cha kuogopesha. Mwezi mzima nilikuwa nikichora vitisho. Hawa walikuwa wazee tu, wamekaa.

Lewis alisimama mlangoni. "Mzee, mimi nibaki hapa nje."

"Ingia. Wewe ni wa kwao."

Akaingia, akamweka mahali pake, akamgeuza kidogo atazame nje kama wenzake. Mzee Morris alimfundisha majina anayoyakumbuka, safu kwa safu, na Lewis akayarudia. Mengine mzee alikuwa ameyasahau. Alipofika kwa hao alisema "na huyu pia," na Lewis akasema "na huyu pia."

Tulipotoka nilimuuliza Mzee Morris kwa nini alihubiri vile, kama yeye mwenyewe anawajua.

"Miaka yote nimekataza watu kuja hapa," akasema. "Hukudhani ni kwa sababu nawajua? Wasiokuja hawawezi kuiba. Hivyo ndivyo nilivyofikiri." Akafuta matope kwenye fimbo. "Kumbe kijana ameiba kwa sababu hakuna aliyemleta. Tryphena, Jumapili utasoma somo."

"Nitasoma," Mama akasema. "Lakini nitarudi nyuma kukaa. Nimepazoea."

Jumapili, 3 Novemba

Mvua. Mama amesoma.

Jumatano, 6 Novemba

Samir ameleta malipo yangu na salamu za Mwende. Mwende hakuwaambia wageni chochote. Aliweka boga langu kwenye sahani ile. Ameniomba nimwombee msamaha Ronge. Nilimwambia Samir amwambie aje aombe mwenyewe, maana Mama hapokei msamaha wa kutumwa.

Maboga yaliyobaki yamerudishwa. Yaliyochongwa wamekula mbuzi.

Jumamosi, 16 Novemba

Mwende amekuja kweli, kwa basi, na viatu vyake vyeupe. Nilimsindikiza Ronge. Alipoomba msamaha, Mama alimpa jembe. Wamepanda kunde hadi saa nane, yeye na Lewis kwenye mistari tofauti, hawakusemezana. Alipoondoka Mama alimfungia boga la kupika.

Jumamosi, 23 Novemba

Tumelala Ronge, mimi na Shanice. Mahindi yamepita kifundo cha mguu. Lewis hupanda pangoni kila Jumamosi na Mzee Morris kufagia majani, na leo wamekwenda na vijana wengine watatu.

Baada ya chai Mama aliniita chumba cha mbele. Alikuwa ameondoa kalenda na picha za maaskofu kwenye ukuta mmoja, na ameupaka chokaa mwenyewe. Chini aliweka kopo la rangi ya kahawia na brashi zangu, ambazo Shanice alizibeba bila kuniambia.

"Umechora mifupa mwezi mzima," akasema. "Sasa nichoree mwanangu akiwa na nyama."

Nikasema nitaharibu. Nikasema nachora vichwa kwenye kuta za vinyozi, watu wasiokuwepo, na Reuben si hao. Akavuta kiti akakaa nyuma yangu, Shanice akakaa chini miguuni kwake.

Nilianza na paji. Nilifuta na kurudia mpaka nilipofika kwenye mashavu, pale yanapojaa mtu anapocheka. Kuanzia hapo sikufuta tena. Nje mvua ilinyesha ikaacha, ikanyesha tena. Nilipomaliza macho nilirudi nyuma hatua mbili, na alikuwa yeye. Nikasikia Mama akivuta pumzi.

Akasogea karibu na ukuta, akasema, "Masikio yalikuwa makubwa kuliko hayo."

"Hayakuwa makubwa, Mama."

"Mimi ndiye niliyemzaa. Yalikuwa kama ya baba yake."

Shanice akacheka, akajishika yake.

Nikachovya brashi, nikayaongeza.